Maski usoni, uongo mezani: maswali yenu na majibu yangu

Maswali kuhusu mashujaa wa komiki na siri zao yamekuwa mengi na karibu nusu ni lile lile la miwani ya Superman, kwa hiyo naanza nalo ili tulizike. Halafu ombi moja, ukiuliza taja ni komiki au muvi, na kama ni komiki taja ni ya miaka ipi, maana hawa watu wamekufa wakafufuka, wameoa wakafutiwa ndoa, wameanza upya mara kibao, siwezi kukaa nabahatisha unamwongelea yupi.

Inakuwaje watu wanashindwa kumjua Superman kisa kavaa miwani tu?

Jamani. Miwani sio ishu. Ishu ni kwamba Superman havai maski. Mtu aliyefunika uso unajua kabisa kuna kitu anaficha na lazima utaanza kumchimba, ila anayekuonyesha sura yake yote mchana kweupe huwezi hata kuwaza kwamba jioni anarudi kwenye dawati la gazeti kugombezwa na mhariri. Na kuna toleo la pili la Superman la mwaka 1987, enzi za mwandishi John Byrne, ambalo kila anayeuliza hili swali angelisoma mi ningepumzika. Adui yake Lex Luthor anataka kujua Superman na mwandishi wa gazeti Clark Kent wana uhusiano gani, wataalamu wake wanakusanya kila kitu wanaingiza kwenye kompyuta, kompyuta inajibu bila kumumunya maneno: Clark Kent ni Superman. Luthor anafanyaje? Anamfukuza kazi dada wa watu aliyeleta jibu. Kichwani mwake hakuna mwenye nguvu zile anayeweza kujishusha akaishi kama mtu wa kawaida, kwa sababu yeye mwenyewe asingeweza. Sasa hapo miwani imefanya kazi gani? Msiniulize tena.

Nani na nani wanajua kuwa Bruce Wayne ndo Batman?

Ungeuliza nani hajui tungemaliza haraka.

Hivi Aunt May alikuwa anajua Peter ni Spider-Man au hajui?

Unaona sasa, May yupi, wa mwaka gani? Haya, twende taratibu.

Kwenye hadithi ya kwanza kabisa ya 1962 Peter anamwacha mwizi ampite mbio wakati angeweza kumzuia, na mwizi huyo huyo ndo anamuua Uncle Ben. Hilo mnalijua. Kinachosahaulika ni kwamba baada ya hapo Peter anarudi kuishi nyumba moja na May, mjane wa Ben, anakula chakula chake, anafuliwa nguo, na hamwambii kitu. Kisingizio chake miaka yote ni kwamba moyo wa May ni dhaifu, akisikia atakufa kwa mshtuko. Bibi huyo huyo amezika mume, amelea mtoto wa shemeji yake peke yake, ametekwa na kila jambazi wa New York, lakini eti ukweli ndo utamuua.

1995, toleo la 400, May anakufa na kabla ya kukata roho anamwambia Peter kwamba alishajua siku nyingi. Toleo zuri sana lile, watu walilia. Halafu baada ya miaka mitatu tukaambiwa aliyekufa alikuwa mwigizaji aliyepandikizwa na Norman Osborn, adui mkubwa wa Spider-Man, na May halisi yupo hai. Sina la kusema hapo.

Yule unayetakiwa kumsoma ni wa 2001, wa mwandishi J. Michael Straczynski. Peter katoka kupigana na adui anaitwa Morlun, kapigwa vibaya mno, karudi kwake kajitupa kitandani bila hata kujifunika. May anaingia kumtembelea. Anaona kijana wake amelala hoi, amevimba, ana majeraha, na lile vazi jekundu na bluu limechanika chanika. Anabaki kasimama tu. Baadaye kuna toleo zima ambalo halina ngumi hata moja, ni watu wawili wanaongea, na hapo ndo unagundua ubaya wa hii siri. Peter anatoboa kwamba kifo cha Ben ni kosa lake, alimwacha mwizi akapita. Na May naye anatoboa lake: yeye na Ben waligombana usiku ule, ndo maana Ben akatoka, na miaka yote amekuwa akijiona yeye ndo kamuua mumewe. Yaani watu wawili nyumba moja, kila mtu kabeba maiti ile ile kivyake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Kwa kalenda ya sisi wasomaji ni kama miaka 40! Ukiniuliza kwa nini naichukia hii habari ya "nawaficha kwa usalama wao" nitakupa toleo hilo usome halafu tuongee.

Mbona kila mara unaponda siri? Si ndo inalinda familia?

Inamlinda nani? Tuhesabu. Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, aliuawa 1973 na Norman Osborn, ambaye aligundua Peter ni nani 1966, hata kama katikati alikuwa anapoteza kumbukumbu. Adui kagundua miaka saba kabla, mpenzi hajui. Baba yake Gwen, Kapteni Stacy, naye alikuwa ameshamjua Peter na alikufa na hiyo siri 1970, na Gwen akabaki anamchukia Spider-Man akiamini ndo kamuulia baba, huku kila siku anaenda kulilia kwenye kifua cha Spider-Man huyo huyo bila kujua. Amekufa hajaambiwa. Sasa hebu niambie siri ilimkinga na nini. Ilimnyima nafasi ya kuchagua tu, angejua angeweza kukimbia, kujiandaa, au kubaki kwa hiari yake kama mtu mzima.

Najua mtanijibu kwa Civil War, ile komiki ya mashujaa kupigana wenyewe kwa wenyewe, na ni hoja nzuri, sitaikwepa. 2006 Peter anavua maski mbele ya waandishi wa habari, Kingpin, bosi wa majambazi, akiwa jela anakodi mdunguaji, risasi inampata May. Kweli. Halafu 2007 ili kumwokoa May, Peter na Mary Jane wanampa Mephisto ndoa yao, ile ya 1987, inafutika kama haijawahi kuwepo. Mpaka leo nikiikumbuka napandwa na hasira, wachapishaji waliona bora jamaa afanye biashara na shetani kuliko kumwacha azeeke na mke wake.

Ila angalia vizuri. Kumwambia mkeo na shangazi yako jikoni sio sawa na kutangaza kwenye tivii. Miaka ile May na Mary Jane wanajua, kabla ya ile kamera, ndo miaka nyumba ile imetulia kuliko wakati wowote. Kilichomponza Peter ni kamera, na Tony Stark (Iron Man) aliyemshawishi. Watu mnachanganya haya mawili kila siku, halafu mnakuja kuniambia mimi nataka mashujaa wote wajianike.

Nani aliyemficha mkewe kijinga kuliko wote?

Barry Allen, na hakuna wa pili. Anamuoa Iris West mwaka 1966 bila kumwambia kuwa yeye ndo Flash. Iris ni mwandishi wa habari, tafadhali zingatia, kazi yake ni kuchimba mambo ya watu. Jamaa anakaa mwaka mzima anajizungusha, mara aseme mara aahirishe, mpaka wanafikisha mwaka mmoja wa ndoa ndo anajikaza anamwambia. Iris anamjibu kuwa alijua tangu usiku wa harusi. Barry anaongea usingizini! Mtu mwenye mbio kuliko wote duniani kachukua mwaka mzima kufikisha habari ambayo mkewe alishaipata kitandani siku ya kwanza.

Ni kichekesho ila mi huwa namfikiria Iris. Mwaka mzima kila usiku anajua, kila asubuhi anamtazama mumewe akitunga uongo wa kwa nini kachelewa, na ananyamaza kusubiri aone lini atamwamini.

Daredevil ana pacha? Nimeona mahali Mike Murdock.

Hana. 1967 Matt Murdock, ambaye ndo Daredevil mwenyewe, alibanwa na rafiki zake wakakaribia kumgundua, akasema Daredevil ni pacha wake anaitwa Mike, halafu ikabidi aigize kuwa huyo Mike, anakuja ofisini na miwani ya ajabu na mdomo mwingi. Mwanasheria kabisa. Uongo wa aina hii ndo unajua umefika mwisho wa akili.

Na mkishamaliza kucheka msome 1986, pale Karen Page, aliyewahi kumpenda Matt na akaambiwa siri na Matt mwenyewe, anaiuza kwa sababu ya dozi moja ya madawa ya kulevya, na jina linapanda ngazi mpaka kwa Kingpin. Kikulacho ki nguoni mwako. Wale mnaodhani mimi nasema kila mtu aambiwe, hapana, sijasema hivyo.

Batman ni baba mzuri au mbaya?

Mbaya, tena anajitahidi, ndo inayouma. Tangu Dick Grayson, Robin wa kwanza, 1940 anaokota watoto waliofiwa, na dawa yake ya msiba ni kuwafundisha kuruka maghorofa usiku. Jason Todd, Robin wa pili, ndo kaka wa mifano yote. Anatoroka kwenda kumtafuta mama yake mzazi, anampata, anamwamini papo hapo, anamwambia mimi ni Robin. Mama anamkabidhi kwa Joker. Na kilichofuata kiliamuliwa na wasomaji kwa simu mwaka 1988, kura 5,343 afe na 5,271 aishi, tofauti ya kura 72 tu, mtoto akaenda. Bruce akamaliza kwa kuweka nguo za Robin kwenye kabati la kioo pale pangoni, anazipita kila siku akienda kazini. Huo ndo uzazi wake, hawezi kumkumbatia mtoto ila anaweza kuyasimamisha mavazi yake kwenye kioo. Jason alirudi 2005 akiwa na hasira zake zote na kusema kweli simlaumu.

Msomaji mmoja aliniandikia kuwa Jason anavunja hoja yangu kwa sababu alimwambia mama na akafa. Huyo mama alikuwa hajakaa naye. Damu peke yake haimfanyi mtu kuwa wa nyumbani, na kwa Bruce hilo linajulikana zaidi, Alfred, mtumishi wa nyumbani kwake, sio ndugu yake na ndo mzazi pekee aliyebaki naye.

Kati ya Miles na Kamala nani kapata wazazi bora?

Kamala (Ms. Marvel), mbali sana. Anahangaika matoleo kadhaa kutoroka kwa dirisha na kudanganya, mpaka 2015 dunia inakaribia kuisha anaamua kumwambia mama, na mama anamwambia alishajua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mama ndo kata. Miles, yule Spider-Man kijana, kwa upande wake mama yake Rio anajua muda mfupi tu kabla ya kuuawa, na baba yake akija kuambiwa anaondoka na kumwacha. Baadaye anarudi, lakini mtoto aliyefiwa na mama ukishamwachia mlango wazi ukaenda, kurudi kwako kuna mipaka. Hapo nampa lawama baba kuliko maski.

Omni-Man na Superman wakipigana nani anashinda?

Hapana. Uliza Debbie, mke wa Omni-Man, alijisikiaje kujua mume aliyelala naye miaka ishirini anamwona kama mfugo, hilo nitakujibu kurasa kumi.

Cyclops alimficha nini Madelyne mpaka ndoa ikavunjika?

Ndoa haikuvunjwa na siri ya maski, ndo uone maski haina lawama kila mahali. 1986 alisikia Jean Grey, mpenzi wake wa zamani, yupo hai, akamwacha mke na mtoto mchanga akaenda. Hakuna maski, hakuna adui, ni mwanaume na miguu yake. Mashabiki wa Cyclops msinitumie insha, nimeshazisoma.

Nianze kusoma wapi?

Popote palipoandikwa namba moja. Usisubiri mpangilio, hata waandishi wenyewe hawana.

Kuna familia ya mashujaa ambayo haikuwa na siri kabisa?

Fantastic Four, tangu 1961 majina yao yanajulikana na makao yao yanajulikana. Wanagombana kama kawaida ya ndugu, ila angalau wanagombania kitu ambacho kila mtu anakijua.

Isipokuwa mdogo wao. Walipompa Johnny Storm hadithi zake mwenyewe, dogo kule mji mdogo anakoishi na dada yake akaamua kuwa ana utambulisho wa siri. Anajificha kabla ya kuwaka moto, maana ndo nguvu yake, anatunga visingizio shuleni, anajiona mjanja kweli. Wakati dada yake Sue anajulikana dunia nzima kuwa ndo Invisible Girl na wanaishi nyumba moja! Anakuja kuambiwa 1963 kwamba mji mzima ulikuwa unajua kitambo. Walimwona anavyojitahidi wakaamua wasimharibie, kwa hiyo akipita tu wanamsalimia kama kijana yeyote.