Santuri za Zamani na Mtoto wa Paka Katika Nyumba Moja ya Pangani

Nyumba yangu Pangani, Nairobi, ina chumba kimoja cha kulala, rafu mbili za santuri na paka anayeitwa Siti. Wapenzi wa muziki wa zamani huniuliza kama mambo haya yanaweza kukaa chini ya paa moja, hasa wale waliookota mtoto wa paka kwenye ngazi za ploti na sasa wanaziangalia rafu zao kwa wasiwasi. Yanaweza. Tena naamini mtu wa santuri ana kitu ambacho paka wa mtaani anakihitaji sana: amezoea kuketi mahali pamoja kwa muda mrefu, masikio wazi, bila haraka. Lakini kabla ya muziki kuna kazi.

Kwanza, usikimbilie kumwokota. Ukimkuta mtoto wa paka yuko peke yake, mkavu na ametulia, rudi nyuma umtazame kwa mbali kwa saa kadhaa. Mama paka huenda kutafuta chakula, na pengine anawahamisha watoto wake mmoja mmoja. Ukimchukua mapema unamnyima maziwa ambayo hakuna duka linaloyauza. Lakini kama amelowa, amepoa, analia bila kukoma au nzi wameanza kumzunguka, usingoje. Siti alikuwa wa kundi hili la pili. Zilikuwa mvua za Aprili, naye alikuwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba, maji yakipanda.

Mpe joto kabla ya chakula. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu huruma hutusukuma kukimbilia maziwa. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula tumboni, na ukimlisha katika hali hiyo anaweza kufa mikononi mwako. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto, ifunge kwa taulo, iweke upande mmoja wa boksi ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Akishapata joto mwili mzima, ndipo umlishe.

Umri wake utaujua kwa kumtazama. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno ya mbele huchomoza karibu na wiki ya 3. Rangi ya buluu ya macho huanza kubadilika wiki ya 6 au ya 7. Azaliwapo huwa na takriban gramu 100, akifikisha mwezi huwa karibu gramu 450. Nunua mizani ndogo ya jikoni umpime kila siku kwa saa ileile. Asipoongezeka uzito kuna tatizo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Maziwa ya ng'ombe ya pakiti mwachie mwenye chai. Yanamharisha, na mtoto mdogo akiharisha hukaukiwa maji upesi sana. Kliniki za mifugo na maduka ya vyakula vya wanyama huuza maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Mlishe akiwa amelalia tumbo. Usimgeuze chali unavyombeba mtoto wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni. Aliye chini ya wiki 3 hula kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, na kila baada ya kula unampangusa nyuma kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, maana hawezi kukojoa mwenyewe bila kuchochewa. Kuanzia wiki ya 4 anaweza kuanza chakula laini, na hapo Nairobi inasaidia: omena iliyochemshwa bila chumvi na kusagwa, kuku, au mapafu ya Burma Market yaliyokatwa vipande vidogo. Ugali peke yake haumtoshi. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha, na kirutubisho hicho hutoka kwenye nyama na samaki. Kikikosekana, moyo na macho huharibika. Usimkuze kwa mabaki tu. Akishazoea kula, mchanganyie na chakula cha paka kinachouzwa dukani.

Sasa mambo yanayoua paka kwenye nyumba zetu za kawaida. Dettol. Tunaogea, tunapigia deki, na wengi humwogeshea paka wakidhani wanamsafisha. Ini la paka haliwezi kuondoa sumu ya dawa hiyo, naye hujilamba manyoya yote. Panadol pia, kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humletea paka mtetemeko na degedege. Na kama unapenda kujinunulia maua mjini, yungiyungi lisiingie nyumbani: hata ungaunga wake huharibu figo za paka. Viroboto vya mtoto mdogo vitoe kwa chanuo la meno ya karibukaribu na maji ya uvuguvugu, kisha umkaushe mara moja. Usiviache, kwa sababu vikiwa vingi humnyonya damu mpaka akaishiwa.

Akikukwaruza au kukuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kipo Kenya na paka huweza kukibeba. Paka huchanjwa dhidi yake akifikisha wiki 12. Chanjo nyingine za kawaida huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na dawa ya minyoo huanza mapema kuliko hizo zote. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete kina kliniki ya wanyama wadogo, na mitaani madaktari wa mifugo wapo. Mpeleke hata kama haonyeshi ugonjwa.

Nyumba yenye santuri ina kanuni zake. Santuri za 78, yaani zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, ziweke juu kabisa, au ndani ya kabati lenye mlango. Zimetengenezwa kwa shelaki, na zikianguka kutoka mezani huvunjika vipande. Za vinaili huvumilia kidogo. Santuri zote zisimame wima, zimebanana kiasi cha kumzuia paka kupenyeza kucha. Migongo ya majalada ndiyo inayomvutia, kwa hiyo mpe kitu kitamu zaidi: zungushia gogo kamba ya katani kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ulisimamishe mbele ya rafu hasa, pale anapotaka kukwaruza. Siti analitumia lile gogo na majalada amesahau kuwa yapo. Choo chake kiwe mbali na rafu, kwa maana mkojo ukiingia kwenye jalada la karatasi hautoki. Usitumie mchanga unaogandamana kwa mtoto mdogo, atameza. Taka za randa za fundi seremala zinafaa. Pleya iwe na kifuniko, nyaya zipitishwe nyuma ya kabati, na sindano uisafishe kwa brashi kutoka nyuma kuja mbele kila mara, maana manyoya ya paka na vumbi la Nairobi la mwezi wa pili hushikana vibaya.

Baada ya hapo, keti sakafuni uweke muziki.

Mtoto wa paka aliyetoka nje anaogopa miguu yetu kuliko kitu chochote, na kipindi kizuri cha kumzoesha binadamu ni kabla hajapita wiki ya 7 hivi. Mimi nilimzoesha Siti kwa santuri ndogo za 45, nazo nazipendekeza kuliko LP, yaani santuri kubwa. Upande mmoja huisha baada ya dakika tatu, nne, tano. Unalazimika kuinuka, kugeuza, kurudi kuketi. Kila mara anaona mtu mkubwa akisimama, akitembea, akirudi, na hakuna baya lililotokea. Sijui njia nyingine ya kumfundisha jambo hilo kwa upole kiasi hicho. Sauti iwe chini sana mwanzoni. Masikio ya paka hupokea milio mikali inayopita kabisa uwezo wetu, hadi karibu kilohezi 64, wakati sisi tunaishia 20.

Kwa kazi hiyo lebo yangu ya kwanza, yaani kampuni ya kurekodi muziki, ni Equator. Charles Worrod aliiendesha hapa Nairobi miaka ya 1960, na kwangu mimi ndiyo lebo iliyoupa mji huu sauti yake. Studio ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, iliyokuwa na Fadhili William, Daudi Kabaka, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Sikiliza gita la Kabaka: twisti nyepesi, ngoma haigongi kifua, waimbaji wawili wanaimba kana kwamba wameketi meza moja na wewe. Mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ilichukua wimbo wake "Helule Helule" ikaurekodi upya. Mimi bado narudi kwa Kabaka mwenyewe. Kwa paka mwoga hakuna muziki bora kuliko huu, kwa sababu hauna mshtuko. Unaanza ulivyo na unaisha ulivyo.

Santuri za Nairobi za miaka ya 1970 zinahitaji uangalifu kidogo. Wimbo mrefu wa rumba au benga uligawanywa pande mbili: upande wa kwanza maneno na waimbaji, upande wa pili magita yanashika kasi na sebene inafunguka. Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga kutoka Tanga, Les Wanyika waliojitenga nao mwaka 1978, Super Mazembe, Shirati Jazz ya D.O. Misiani, wote utawakuta wamekatwa katikati hivyo. Wiki za kwanza cheza upande wa kwanza tu. Ukifika wa pili, punguza sauti kabla hujashusha sindano, kisha uipandishe polepole siku zinavyokwenda. Kwa benga naheshimu sana Chandarana ya Kericho. Duka la muziki la mji wa majani chai lilirekodi wanamuziki wa Kijaluo, Kikalenjin na Kikisii ambao huenda tusingewasikia kabisa leo kama wangelazimika kuja kutafuta studio Nairobi. Ukiona karatasi ya Chandarana katikati ya santuri, inunue kwanza, jina la bendi utalisoma nyumbani.

Lebo ya Ngoma naipenda kwa sababu nyingine. Nicolas Jeronimidis, mfanyabiashara Mgiriki, aliianzisha Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948, na sauti ya Wendo Kolosoy ikatoka humo. Gita ni moja au mawili, sauti ni ya mtu anayeimba karibu na sikio lako. Ukitaka kuelewa magita ya Nairobi ya miaka iliyofuata yalitoka wapi, anzia hapo.

Na HMV, ile ya mbwa Nipper akisikiliza gramafoni, picha aliyoichora Francis Barraud. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar mpaka Bombay kuirekodia kampuni hiyo, na sauti yake ya Kiswahili ikarudi pwani ikiwa kwenye santuri. Paka wangu nilimpa jina lake kwa heshima. Alilia mtaroni kwa sauti ambayo mvua haikuweza kuifunika.

LP zije baadaye, akishakubali kulala mapajani. Hapo unataka upande wa dakika 20 usiokulazimisha kuinuka, na mimi huweka Blue Note, lebo ya jazi. Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliianzisha New York mwaka 1939. Rafiki yake Francis Wolff akapiga picha, Reid Miles akasanifu majalada, na mpaka 1959 fundi sauti Rudy Van Gelder alikuwa akirekodi sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack. Nadhani usebule huo unasikika. Ala ziko karibu, na kati yake kuna nafasi. Studio One, lebo ya rege ya Kingston, Jamaika, naithamini vilevile, ila besi yake hupita sakafuni na mtoto wa paka huisikia kwa nyayo, basi isubiri akue.

Ukitafuta santuri hizi, nenda Kenyatta Market, pita pia Melodica pale Tom Mboya Street. Usione haya kuomba usikilizishwe kabla ya kulipa. Inamishe santuri kwenye mwanga uone mikwaruzo, na usinunue iliyopinda hata ikiwa rahisi.

Mambo machache ya mwisho kuhusu paka. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, kwa hiyo zungumza na daktari mapema kuhusu kumfunga uzazi. Ukichelewa utakuwa na watoto wengine wa mtaroni. Kama unakaa ghorofani, weka wavu madirishani kabla hajajifunza kuruka. Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba na keateka mapema, umlete wamwone, kwa sababu paka anayejulikana hafukuzwi ovyo. Na ikiwa kazi yako haikuruhusu kulisha usiku, usijilazimishe. Wasiliana na KSPCA, chama cha kulinda wanyama, kule Karen uwaulize kama wana nafasi, na wakati unasubiri jibu mweke kwenye boksi lenye matundu, pamoja na ile chupa ya maji ya moto, mlango wa chumba umefungwa.