Corolla 110 yenye injini ya 5A inavuja oili: usiruhusu gia boksi ishuke bado

Mkuu, umesema oili inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi, na fundi keshatoa hukumu kuwa ni sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini). Mwambie asubiri. Nina 110 yenye 5A kama yako, ilidondosha palepale, na gia boksi haikuguswa.

Oili inashuka, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unaisukuma nyuma. Ndiyo maana ukitazama kwa chini tu, kila kitu kinaonekana kinavuja.

Pangusa tone kwa kitambaa cheupe. Kama gari ni otomatiki na tone ni jekundu, hiyo ni oili ya gia boksi, habari nyingine kabisa. Ikiwa kahawia au nyeusi, subiri injini ipoe, funika distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) na alteneta kwa mfuko wa plastiki (ukiupata siku hizi), safisha kwa brashi na mafuta ya taa, suuza, halafu iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Pakaa poda ya mtoto sehemu unazozishuku, zunguka mtaani kidogo, kisha mulika tochi ukianzia juu. Poda itakuonyesha mstari wa oili unakoanzia.

Kwenye 5A macho yangu huenda kwanza kwenye distribyuta. Imechomekwa ubavuni mwa silinda hedi, juu ya gia boksi, na kinachozuia oili pale ni oringi moja ya mpira. Ikizeeka inakuwa ngumu kama plastiki, oili inapita, inateremka juu ya gia boksi na kudondokea pale ulipopaona. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi: weka alama distribyuta ilivyokaa kabla ya kulegeza bolti, vinginevyo utaharibu taimingi ya moto, yaani wakati plagi zinapowasha. Oringi yenyewe ni bei ya chai na chapati.

Inayofuata ni gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Chomoa waya za plagi. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, badilisha na mipira yake. Silikoni iwekwe kidogo tu kwenye pembe, pale kofia za kemshafti (shafti inayofungua valvu) zinapokutana na hedi. Wapo mafundi wanaopaka mzunguko mzima, kisha vipande vinakatikia ndani na kwenda kuziba chujio kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Na nati zisikazwe kwa hasira.

Kabla ya kufunga, chomoa valvu ya PCV, ile inayotoa presha ndani ya injini, uitikise. Isipolia imeganda: presha inabaki ndani ya injini na itatafuta sili nyingine ya kutokea, hata kama zote ni mpya.

Ukikuta oili inatokea nyuma ya kava la mkanda wa taimingi, hizo ni sili za mbele. Usicheleweshe, kwa sababu oili inaulainisha mkanda.

Dawa za kuzibia na oili nzito hupunguza matone kwa muda. Mimi sizitumii.

Juu kote kukiwa kukavu na oili bado inachuruzika kutoka chini ya kava la klachi (pale injini inapoungana na gia boksi), hapo fundi wako ana haki. Kama ni manyuo (gia za mkono), nunua na klachi plati kabisa, gharama ya kushusha ni ileile. Na kabla sili mpya haijaingia, pitisha ukucha kwenye krenki pale sili inapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya nayo itavuja.