Uliza Ujibiwe: Tanki na maadui wanaomponyoka

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinahusu World of Warcraft Classic, gemu iliyofunguliwa mwaka 2019. Waandishi wake wote ni matanki: wale wanaosimama mbele wapigwe wao ili wenzao wafanye kazi.

*Asalaam aleikum. Nacheza Warrior (mpiganaji wa silaha na ngao), levo 34. Tukiingia pangoni watu watano, nikimkamata adui mmoja wengine wawili wanamwendea mponyaji, na Mage wetu (mrusha uchawi) hafiki mwisho wa vita. Nabonyeza Taunt (mbinu ya kumchokoza adui anigeukie) kila ikiwa tayari, wapi! Nakosea nini? – Msomaji, Langoni, Lamu*

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Unakosea hapo hapo kwenye Taunt. Kila adui ana hesabu yake ya hasira kwa kila mchezaji, naye humfuata aliye juu. Ila hakuachi mara tu mwenzako anapokupita. Aliye karibu naye lazima akuzidi kwa asilimia 10, na aliye mbali kwa asilimia 30. Kama hasira yako ni 1,000, Rogue (mpiganaji wa karibu) atakupokonya akivuka 1,100, Mage akivuka 1,300. Taunt hukupandisha hadi kwa yule anayeongoza na kumlazimisha adui akupige sekunde 3, basi. Ukiibonyeza wakati adui bado ni wako, hupati kitu, na utangoja sekunde 10 irudi. Iweke kwa ajili ya adui aliyekwisha ponyoka, na ukishaitumia mpige Sunder Armor (pigo la kupasua deraya, lenye hasira nyingi) papo hapo, la sivyo atakwenda tena.

Sasa mponyaji. Akirudisha uhai 1,000, huzalisha hasira 500 inayogawanywa kwa maadui wote mlio nao vitani. Wakiwa watano, kila mmoja anapata 100. Si nyingi, lakini kwa adui ambaye hujamgusa kabisa, 100 inaishinda sifuri yako. Kwa hiyo usimng'ang'anie mmoja. Piga Demoralizing Shout (ukelele unaowagusa maadui wote walio karibu) mara tu wakikufikia, kisha zunguka kwa kitufe cha Tab, kila adui Sunder moja, ndipo umrudie yule wa kwanza. Revenge (pigo la kulipiza) ikiwaka, ibonyeze bila kufikiri, kwani ni rahisi kwa Rage (nguvu anayotumia Warrior kupiga mbinu zake) na hasira yake ni kubwa. Yote haya uyafanye ukiwa Defensive Stance (mkao wa kujilinda), inayoongeza hasira kwa asilimia 30.

Wapiga uchawi ndio wanaoharibu mpangilio, maana hawakufuati. Husimama mbali na kurusha. Warushie mshale, kisha jifiche nyuma ya kona ya ukuta. Wasipokuona watalazimika kuja, nao watakusanyika miguuni pako kama samaki ndani ya juya. Asiyekuja, mkatize kwa Shield Bash (pigo la ngao): aina ile ya uchawi inamfungia sekunde 6.

Na huyo Mage wenu aambiwe. Weka alama ya fuvu juu ya anayeuawa kwanza, na asirushe chochote mpaka uone Sunder mbili juu yake. Tanki asiyesema na wenzake atahangaika hata akiwa na ngao bora ya gemu nzima.

*Kati ya Warrior, Druid na Paladin, nianze na nani? – Msomaji, Barani, Malindi*

Ukitaka kufika kwa mabosi wakubwa, Warrior. Druid akijigeuza dubu ana deraya nene na pigo lake la Swipe hupiga watatu kwa pamoja, lakini hawezi kukinga kwa ngao. Paladin hushika kundi vizuri mno kwa Consecration (uchawi unaoumiza wote waliosimama karibu naye), ila katika Classic hana Taunt, akiponyokwa, ameponyokwa.

*Huku kwetu stima hupotea na mtandao huganda. Naweza kweli kuwa tanki? – Msomaji, Mkomani, Lamu*

Unaweza, ukijiandaa. Peleka kipanya juu ya kitufe cha menyu kuu na usome milisekunde. Seva za Ulaya ziko mbali na pwani yetu, kwa hiyo usitarajie namba ndogo. Linalodhuru zaidi ni namba inayorukaruka. Kujilinda kwako kutangulie pigo: ukingoja uone uhai unashuka ndipo ubonyeze, umechelewa. Wapo wanaoshauri kupunguza SpellQueueWindow (mpangilio wa gemu unaopimwa kwa milisekunde). Wewe iache kwenye 400, ndiyo inayoruhusu kitufe kinachofuata kipokewe mapema.

Stima ikikatika, laptopu ina betri lakini ruta haina. Nunua UPS ndogo ya ruta, na kwanza soma volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta yake, zilingane. Simu nayo iwe imeshaunganishwa na laptopu tangu kabla ya kuingia pangoni. Masasisho ya gemu yapakue usiku mwingine, yanakula bando kuliko kucheza kwenyewe. Mwisho, mwambie kiongozi mapema nani atashika nafasi yako, kwa sababu ukikatika mwili wako hubaki umesimama vitani.

*Nimefika levo 60, tunakwenda kwa Onyxia, lile joka bosi. Nahitaji nini? – Msomaji, Maweni, Malindi*

Defense (ustadi wa kujilinda) 440. Levo 60 inakupa 300. Talanta ya Anticipation ikijazwa inaongeza 10. 130 zilizobaki zitoke kwenye mavazi. Chini ya hapo bosi wa levo 63 bado anaweza kukupiga pigo la mara mbili, na mponyaji hatakuwahi. Lipo pia pigo la asilimia 150, ambalo Defense haliondoi. Hilo huzuiwa na Shield Block (kukinga kwa ngao), kwa hiyo ibonyeze kila sekunde 5.

Mpeleke Onyxia hadi mwisho wa pango, mgongo wako ukutani, maana mbawa zake hurusha watu. Uso wake ukuelekee wewe peke yako. Wenzako wasimame ubavuni. Wakikaa nyuma, mkia utawatupa kwenye mayai. Uhai wake ukifika asilimia 65 ataruka, na kwenye 40 atatua. Hapo wote waache kupiga mpaka umkamate tena. Kabla ya ngurumo yake ya kutia hofu, ingia Berserker Stance (mkao wa kushambulia), bonyeza Berserker Rage inayokukinga na hofu, urudi Defensive Stance mara moja.