Uliza Mwalimu: Watoto 94, insha moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha Kiswahili darasa la nne, shule iko kijijini huku Morogoro, darasani nina watoto 94. Nikiwaambia waandike insha "Siku Nisiyoisahau" napata insha moja mara 94, wote walienda mjini kwa shangazi wakanunuliwa soda. Nikiwagawa makundi ndo balaa, anaandika mmoja mwenye mwandiko mzuri, wengine wanachezea kifutio. Nasikia watu wanasema fundisha kwa miradi, sasa mradi gani na hiyo manila yenyewe nanunua kwa hela yangu?

JIBU: Marahaba mwalimu, pole na hao 94. Nianze na hiyo insha ya shangazi maana hapo ndo penye ugonjwa. Mtoto anajua msomaji ni wewe peke yako, na wewe unasoma ili uweke tiki, kwa hiyo anakuandikia kile anachodhani unataka. Mpe msomaji mwingine uone.

Mi nakushauri gazeti la ukutani, najua utasema hilo la zamani, tulikuwa nalo tukiwa wadogo. Ni kweli, ila wengi tulilitumia vibaya, mwalimu anachagua watoto watatu wenye akili wanaandika "Umuhimu wa Usafi" na linakaa pale mpaka linageuka njano. Lifanye hivi: toa makundi 15 ya watoto sita sita, wale wanne wanaobaki waongeze mmoja mmoja kwenye makundi manne. Kila wiki yanachapisha makundi matatu tu, kwa hiyo wiki tano wote wamepita na wewe hujafa kwa kusahihisha.

Kundi linapewa sehemu moja, tuseme gulioni. Kila mtoto anachagua mtu WAKE, mmoja mama ntilie, mwingine fundi baiskeli, mwingine muuza dagaa, wa bodaboda, na kadhalika. Anamuuliza maswali matatu, anarudi na sentensi tano sita za mkono wake kwenye karatasi ya daftari. Hapo yule mwenye mwandiko mzuri hawezi kumfanyia mwenzake kazi kwa sababu hajui fundi baiskeli alisema nini!! Ujanja huu sio wangu. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weusi, wazungu na wenye asili ya Meksiko, madarasani ugomvi tu, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake wakaligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kundi akashika kipande chake, asiposikilizwa na wenzie basi wote wamekosa.

Wakikaa kundini wanasomeana kwa sauti. Anayesikiliza akikwama anauliza, "hapa nani alimlipa nani?" na mwenye habari anarekebisha mwenyewe, mwenzie haruhusiwi kushika penseli yake. Wewe usisahihishe kila kitu, chagua ishu moja kwa wiki. Wiki hii herufi kubwa na nukta, wiki ijayo ile h inayopotea, wale wa "apa" na "uyu", inayofuata r na l, maana mtoto akiandika mama ntilie "anakura" badala ya "anakula" gulio zima litacheka na yeye hatasahau tena. Ila wenzake wakimcheka kwa dharau simamisha hapohapo, hilo sikubaliani nalo kabisa.

Maksi je? Ukipita kwenye kundi muulize mtoto yeyote habari ya MWENZAKE, "huyu muuza dagaa wa rafiki yako ananunua wapi mzigo?" Akijua kundi zima linapata. Utaona wanavyoanza kusikilizana.

Manila sio lazima, vipande vya makatoni ya dukani vinatosha, na gundi pika uji mzito wa unga wa muhogo. Mi nilitumia hiyo, nikabandika nje kwa chini, mbuzi wakala ukurasa wa kwanza wote, kwa hiyo bandika juu. Kosa langu lingine nilibandika koridoni kwa ofisi ambako mtoto hapiti mpaka awe na kesi. Nilipohamishia kwenye bomba wanapopanga foleni ya maji likasomwa mpaka na la saba, na siku ya gulio yule fundi akaja kuulizia ameandikwa nini.

Kama unaona 94 ni wengi na sauti imeisha, kuna mwalimu Mfaransa Célestin Freinet, alirudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na pafu limeumia, kufoka darasani hawezi. Miaka ya 1920 pale Bar-sur-Loup akawa anawatoa watoto nje kutembea kijijini, wakirudi wanaandika walichoona, wanakichapa wenyewe kwa mashine ndogo afu wanawatumia watoto wa shule nyingine. Wewe mashine huna, lakini shule ya jirani unayo, makaratasi yakishabanduliwa watumieni wao na wao wawatumie yao.

SWALI: Mtoto wangu ako Gredi 4, Kitengela huku Kenya. Kila wiki ni project, na saa tatu usiku ni mimi nakata makaratasi na kukimbia cyber kuprint picha. Nikimwacha afanye peke yake inaonekana mbaya kuliko za wengine. Nifanyeje?

JIBU: Mama, iache iwe mbaya. Mwalimu akiona herufi zimepinda anajua aanzie wapi kesho, akiona picha za cyber anajua tu kwamba we ni mama mwenye bidii. Kazi yako ni moja, akimaliza akusomee alichoandika na wewe umuulize pale usipoelewa. Halafu ongea na mwalimu taratibu, pengine na wazazi wenzako wawili watatu, mumuombe sehemu ya kuandika na kubandika ifanyike darasani na wenzake, nyumbani mtoto aje na maswali tu ya kumuuliza nyanya yake. Makasi ficha.