Maji gani yanafaa kuchanganyia peptidi ya sindano?

SWALI: Daktari ameniandikia dawa ya unga ya peptidi (mnyororo mfupi wa vijenzi vya protini) ninayojichoma mwenyewe chini ya ngozi. Kichupa kimoja natumia siku kadhaa. Maji yaliyokuja na dawa yameniishia, na nikitafuta mengine naona aina nyingi: yameandikwa "maji tasa", "maji ya sindano", mengine yana kihifadhi, mengine yako kwenye chupa kubwa kwa bei nafuu. Rafiki yangu anasema nichemshe maji yaliyokenekwa (yale ya mvuke uliopozwa), niyachuje, mambo yamekwisha. Nichukue yapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na ushauri wa rafiki yako kwa sababu ndio wenye hatari kubwa: usiufuate. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini mabaki yao hubaki humo humo. Bakteria wa aina fulani wakifa huacha vipande vya ganda lao, viitwavyo endotoksini. Vikiingia mwilini kwa sindano huleta homa na kutetemeka, na vikiwa vingi hushusha shinikizo la damu. Ili kuviharibu kwenye vichupa vya kioo, viwanda hutumia joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa, wakati maji yako yanachemka kwa nyuzi 100. Chujio nalo halikuokoi. Lile lenye matundu ya mikroni 0.22 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huzuia bakteria, ila endotoksini hupenya. Mwaka 1923 mwanabiokemia wa Marekani, Florence Seibert, alionyesha kwamba homa zilizokuwa zikifuata sindano zilitokana na uchafu wa bakteria uliokuwa ndani ya maji yaliyokenekwa. Kwa macho, maji yale yalikuwa safi kabisa.

Kwa hiyo kwenye lebo tafuta maneno "kwa sindano". Neno "tasa" peke yake halitoshi. Yapo maji tasa ya kusafishia vidonda, na mara nyingi ndiyo hayo ya chupa kubwa uliyoyaona. Hayakutengenezwa kwa ajili ya kuchomwa mwilini, hata kama hayana kijidudu hata kimoja. Maji ya sindano yana kipimo chake: endotoksini zisizidi uniti 0.25 kwa kila mililita.

Ukishapata ya sindano, jiulize utachoma mara ngapi kutoka kichupa kimoja. Maji ya sindano ya kawaida hayana kihifadhi. Unafungua, unachota unachohitaji, kilichobaki unamwaga hapo hapo. Kila sindano inayopita kwenye kifuniko cha mpira cha kichupa inaweza kuingiza kijidudu, na humo ndani hakuna cha kukizuia kuzaliana. Yale yenye kihifadhi yana alkoholi ya benzili ya asilimia 0.9, yaani miligramu 9 kwa mililita, inayozuia bakteria wasiongezeke. Ndiyo maana kichupa chake huruhusiwa kutobolewa tena na tena, kisha hutupwa siku 28 baada ya kutobolewa mara ya kwanza, isipokuwa mtengenezaji ameandika vinginevyo. Kihifadhi hicho si kinga dhidi ya virusi, basi usishiriki kichupa wala bomba la sindano na mtu yeyote, hata wa nyumbani mwako. Watoto wachanga hawapewi kabisa. Mwaka 1982 madaktari nchini Marekani waliripoti vifo vya watoto njiti waliolemewa na alkoholi hiyo. Mwenye mzio nayo aiepuke, na mjamzito amwone daktari kwanza.

Kwa jinsi unavyotumia dawa yako, ningeegemea maji yenye kihifadhi, ila karatasi ya maelezo ya dawa ndiyo yenye kauli ya mwisho. Baadhi ya peptidi huharibiwa na kihifadhi, nyingine huganda vipande zikikutana na maji ya chumvi. Tena zile siku 28 ni za maji. Dawa ikishachanganywa ina muda wake: glukagoni (dawa ya kupandisha sukari ya damu iliyoshuka), kwa mfano, hutumika pale pale na salio hutupwa. Dawa yako ilikuja na maji yake, kwa hiyo mwombe mfamasia aina ile ile na kiasi kile kile.

Nasisitiza kiasi kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza. Unga wa miligramu 5 ukiutia mililita 2 za maji, unapata miligramu 2.5 katika kila mililita. Kwenye bomba la insulini lenye alama 100 kwa mililita, alama 10 ni miligramu 0.25. Utie mililita 1 tu, alama zile zile 10 zinakuwa miligramu 0.5. Umejichoma dozi mara mbili na hujaona tofauti yoyote kwenye bomba.

Nunua famasi iliyosajiliwa. Angalia jina la mtengenezaji, namba ya bechi, tarehe ya kuisha muda na kifuniko ambacho hakijaguswa. Maji yaliyogawanywa kwenye vichupa vyenye lebo ya kuandikwa kwa mkono yaache hapo hapo. Wakati wa kuchanganya, nawa mikono, futa mipira ya vichupa vyote viwili kwa spiriti ya asilimia 70, na usubiri ikauke. Elekeza sindano ukutani mwa kichupa, maji yateremke taratibu juu ya unga. Kisha kizungushe polepole kati ya viganja, usikitikise, kwa kuwa povu linaweza kuiharibu peptidi. Andika tarehe kwenye kichupa. Ukiona dawa si angavu au ina chembe zinazoelea, tupa.

Pakivimba, pakiwa pekundu na kuuma zaidi kila siku mahali ulipochoma, au ukipata homa na baridi muda mfupi baada ya sindano, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Beba vichupa vyote viwili, cha dawa na cha maji.