Eti kuna mtihani wa kuingilia fiziotherapia?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Ujiji, nimemaliza form six PCB nikapata Fizikia E, Kemia D, Bayo C. Natamani sana fiziotherapia coz marehemu babu alipata stroku tukawa tunamnyoosha mkono wenyewe kwa kubahatisha tu. Sasa kuna kaka wa stationari anasema digrii zote za afya zina mtihani wa kuingilia, anataka elfu 50 ya fomu pamoja na kitini cha maswali. Mama ameshaanza kuchomoa kwenye mtaji wa dagaa. Nilipe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie mama arudishe mtaji wake haraka! Ukitoka form six hapa kwetu unaingia kwa matokeo ya NECTA, mtihani ndo ule ule ulioufanya. Huyo kaka labda kachanganya na India (au anajua anachofanya, mi simo), kule AIIMS (vyuo vya udaktari vya serikali yao) kweli wana mtihani wao wa kozi za paramediko, yaani za afya zisizo za udaktari, na wa udaktari ndo NEET, ukipata swali unapewa maksi 4 ukikosea unakatwa 1. Hebu kifunue hicho kitini, ukikuta wameandika ukikosea unakatwa maksi ujue si cha huku.

Sasa alama zako. E ni 1, D ni 2, C ni 3, jumla 6, ila usishangilie kwanza maana kuna kozi hawaangalii jumla peke yake, wanataka na alama fulani kwenye kila somo. Shusha mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ni bure, humo ndani nenda sehemu ya chuo cha KCMC Moshi kwenye fiziotherapia halafu tafuta wanasemaje kuhusu Fizikia, hiyo E ndo inanipa wasiwasi. Kwenye chuo cha Bugando pale Mwanza angalia kozi za maabara na radiolojia (picha za eksirei). Ikigoma kabisa soma diploma kwanza, ukitoka na GPA kuanzia 3.0 unaomba digrii kwa njia hiyo, watu wengi wamepitia huko.

Maombi yanatumwa chuo chenyewe, TCU waliacha kupokea tangu 2017. Na ukijaza weka namba yako ya simu, coz ukichaguliwa vyuo viwili namba ya siri ya kuthibitisha chuo unachokitaka inakuja kwa SMS. Binti wa jirani yangu hapa Mwanga alijaziwa namba ya mwenye stationari, siku SMS inaingia jamaa yuko Kasulu msibani na simu imezima chaji.