Uliza Mwalimu: Nikijiunga, nitapewa kazi gani?

Mwezi uliopita niliandika kwamba Jumatano asubuhi msinitafute nyumbani, kwa kuwa huwa niko na wenzangu wa Chama cha Historia ya Asili cha Afrika Mashariki, ambacho wengi mnakijua kwa jina la Nature Kenya. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea. Nimechagua tano. Maswali ya viwavi vya mahindi yatasubiri toleo lijalo, mniwie radhi.

*Mwalimu, naishi Nakuru upande wa ziwani. Kila Januari naona watu wamesimama ukingoni na darubini, wanaandika. Maji yalipopanda, majirani zangu walihama na vitanda mgongoni. Ndege wanahesabiwa, sisi tunahesabiwa na nani? Hesabu hiyo inamfaa nani? – Mama wa watoto wanne, Nakuru*

Mama, pole kwa yaliyowapata. Sitakudanganya: hesabu ya ndege haizuii maji hata kwa shubiri moja. Lakini mimi ni mmojawapo wa hao uliowaona ukingoni, na ni haki yako kujua tulikuwa tunafanya nini.

Hesabu ya ndege wa majini ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila Januari, ndege wa Ulaya na Asia wakiwa bado wageni wetu, wanachama huungana na watu wa Makumbusho ya Taifa na wa Shirika la Huduma za Wanyamapori kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Ziwa hugawanywa vipande, na kila kundi hupewa chake, kutoka mti fulani hadi jiwe fulani. Wote huanza asubuhi moja ili ndege akiruka kutoka kwetu asije akahesabiwa tena na jirani. Mmoja anashika darubini, mwingine anashika kalamu. Mwenye darubini haandiki, maana akiinamisha macho tu, kundi limeshageuka.

Heroe (flamingo) hawahesabiki mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unatazama hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani, unaipima nafasi hiyo mara kumi upate mia, kisha mia mara kumi upate elfu. Halafu unatembea na hiyo elfu yako ukingo mzima. Mwaka wangu wa pili niliharibu. Ilikuwa Ziwa Elementaita, jua limeshapanda, ukungu wa joto unachezacheza juu ya maji, nami nikakadiria kundi la mwisho kwa kukisia tu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kiongozi wetu aliniuliza nimepataje namba ile. Nilipomweleza, akaikata kwa mstari mmoja, akanirudisha nikahesabu upya. Tangu siku hiyo sijaandika namba nisiyoweza kuieleza.

Sasa, inafaa nini? Upo mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, Mkataba wa Ramsar. Ziwa likitunza ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au likibeba asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja, linastahili kuingizwa kwenye orodha yake. Hizo 20,000 lazima mtu azione kwa macho na aziandike, tena mwaka baada ya mwaka. Nakuru iliingizwa mwaka 1990, Naivasha 1995, Bogoria 2001, Elementaita 2005. Mwaka 2011 Nakuru, Elementaita na Bogoria zikatangazwa kuwa urithi wa dunia. Mtu anayetaka kumwaga taka humo leo anakutana na karatasi hizo.

Na hesabu imeona mambo yanayokuhusu wewe. Heroe mdogo anakula mwani unaostawi kwenye maji makali ya magadi. Maji ya Nakuru yalipoanza kupanda, kuanzia mwaka 2010 hivi, yalizimua magadi, mwani ukapungua, heroe wakahamia Bogoria na kwingineko. Migunga ya ukingoni ikafia majini ikiwa imesimama. Mwenye madaftari ya miaka iliyotangulia aliweza kuonyesha kwamba hili halikuwa jambo la msimu mmoja.

Kuna kitu tulichokikosa, Mama, nacho unacho wewe. Sisi tunakuja siku moja, mbili, tunaondoka. Wewe unajua maji yalifika mlango wa nani, mwezi gani, na yalirudi nyuma wakati gani. Januari ukituona, usipite. Njoo utuonyeshe. Nami nikiwa mshika kalamu nitaandika.

*Nililipa ada ya chama fulani cha sayansi miaka miwili mfululizo. Nilichopata ni ujumbe wa simu wa kunikumbusha kulipa tena. Chama chenu kina tofauti gani? – Karani, Kitengela*

Pole, ndugu yangu. Ulitoa pesa, hukupewa kazi. Kabla hujalipa popote tena, nenda kwanza ukashinde nao siku moja, uone kama mgeni anapewa la kufanya.

Mimi nilianza mwaka 1994, mwalimu wa biolojia niliyejua sehemu zote za jicho la ng'ombe lakini sikujua jina la ndege anayeimba kwenye ua wa shule yangu. Matembezi ya Jumatano yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na hayajafa. Tunakutana Makumbusho ya Taifa ya Nairobi saa tatu kasorobo asubuhi, tunabanana kwenye magari ya wenye magari, tunaelekea Karura, au City Park, au mabwawa ya majitaka ya Dandora, ambako harufu ni kali lakini bata ni wengi ajabu. Siku yangu ya kwanza nilisimama nyuma kabisa. Mama mmoja mtu mzima akavua darubini shingoni mwake, akanivisha. Akasema, "Anza na yule mweusi mwenye mkia mrefu, hakimbii." Mchana ulipofika nilikuwa nimewajua ndege tisa. Wiki iliyofuata nikapewa daftari la kuandika orodha ya siku. Sikuulizwa nina shahada gani.

Vijana wengi waliokuja Jumatano kwa mguu kutoka mitaa ya karibu, bila shilingi, leo ni waongozaji watalii wanaokula jasho lao. Hilo nimeliona mwenyewe, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Kazi nyingine hufanyika mezani. Jarida la chama lilianza kuchapwa mwaka 1910, na hadi leo linapokea makala zinazosomwa na kukosolewa na wataalamu kabla ya kuchapwa. Lipo Scopus la ndege peke yake, na lipo Nature Net, kijarida cha kila mwezi ambacho mtu akiona nyoka wa ajabu Machakos anaweza kukiandikia. Kila mwaka kuna mkutano mkuu, mahesabu yanasomwa, viongozi wanachaguliwa. Uende, uulize maswali, hata kama wengine wanataka kwenda kunywa chai.

Usifikiri chama hiki kilizaliwa kwa ajili yetu. Kilianzishwa Nairobi mwaka 1909 na maofisa wa kikoloni, wamisionari na walowezi. Makumbusho yao ya kwanza yalikuwa pale ilipo Nyayo House leo, na ndiyo mbegu ya Makumbusho ya Taifa tunayoyaona. Waafrika waliowaonyesha njia na kuwakamatia vielelezo, ni nadra majina yao kuonekana kwenye maandishi ya zama zile. Ndiyo maana orodha ya siku inapoandikwa Jumatano mimi huhakikisha jina la kila aliyekuwepo limo, na limeandikwa sawasawa.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Maskat mwaka wa kumi na moja. Kila mwaka, joto likianza kupungua, videge vidogo vya kahawia vinajificha kwenye vichaka vya shamba ninalofanyia kazi. Siku chache tu, havipo. Vinakwenda wapi? – Mhamiaji kama wao, Maskat*

Marahaba, mwanangu. Bila kuviona siwezi kukutajia jina. Ila nitakueleza kuhusu usiku mmoja wa Novemba, labda utawatambua jamaa zao.

Ndani ya Tsavo Magharibi, juu ya Ngulia, kuna hoteli iliyowekewa taa kubwa ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Tangu mwaka 1969 iligundulika kwamba Novemba na Disemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukiteremka vilimani, ndege wanaosafiri gizani hupotewa na nyota. Wanaifuata taa, wanashuka kwa maelfu. Kila mwaka watu hukusanyika pale na nyavu laini. Ndege anatolewa wavuni, anapimwa ubawa, anapimwa uzito, anavishwa pete nyepesi yenye namba mguuni, anaachiwa. Kwa miaka yote hiyo wameshavishwa pete ndege mamia ya maelfu.

Nilikwenda mara moja, nikiwa kuli wa mifuko. Ndege huwekwa kwenye vifuko vya kitambaa, na kazi yangu ilikuwa kuvibeba kutoka nyavuni hadi mezani, kuanzia usiku wa manane hadi jua lilipopanda. Wengi walikuwa kidege ambacho wataalamu hukiita *Acrocephalus palustris*. Kina gramu 12 hivi, uzito wa vijiko vitatu vidogo vya sukari. Kimetoka kuzaliana Ulaya, kimepita upande wenu wa Mashariki ya Kati, kimepumzika Ethiopia, kinapita kwetu, na bado hakijafika: mwisho wa safari yake ni kusini mwa Afrika. Niliusikia moyo wake ukipiga kupitia kitambaa.

Mwingine, *Acrocephalus griseldis*, huzaliana kwenye kinamasi cha kusini mwa Iraki. Kinamasi hicho kilikaushwa miaka ya 1990, kikaanza kurudishiwa maji mwaka 2003. Ndege huyu yumo hatarini kutoweka. Baridi ya kwao akiikimbia huja Afrika Mashariki, na Ngulia ni mojawapo ya mahali pachache anaposhikwa mkononi na kuandikwa. Kwa hiyo ukimwokota ndege aliyekufa hapo shambani, tazama mguu. Ukiona pete, piga picha namba yake, andika tarehe na mahali, upeleke habari kwenye anwani iliyochorwa humo. Kidege hicho kitakuwa kimetoa ushahidi wake wa mwisho, na wewe ndiye utakuwa umeufikisha.

*Ni ndege tu? – Mpenda mimea, Thika*

Hapana. Wapo wa mimea, na Gede kule Kilifi kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 ukilelewa na chama pamoja na Makumbusho. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, wakauza vifukofuko vyao kwa maonyesho ya ng'ambo. Msitu ukikatwa, mbegu ya vipepeo inakwisha, na mkulima analijua hilo kuliko mhadhiri yeyote. Njoo utufundishe nyasi. Wengi wetu bado tunaziita nyasi zote jina moja.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Voi. Sina darubini, sina nauli ya kuja Nairobi. Je, nikijiunga nitafanya nini huku? – Mwanafunzi, Voi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza, ada ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na klabu ya shule inaweza kujiunga pia. Lakini kazi yenyewe unaweza kuianza kesho kabla hujalipa chochote.

Tangu mwaka 2013 kuna Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Nchi imekatwa miraba, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9. Unachagua mraba wako. Unatembea ndani yake kwa muda usiopungua saa mbili, unaandika kila aina uliyoiona au kuisikia, kwa mfuatano uliowaona. Baada ya saa hizo unaweza kuendelea kuongeza majina hadi siku tano zitimie. Idadi haitakiwi, ni aina tu. Ndiyo, kunguru naye anaandikwa. Usiyemjua usimwandike, mchore, uulize. Orodha hizo ndizo zinazolinganishwa na atlasi ya ndege iliyochapwa mwaka 1989, ili ijulikane nani bado yupo na nani ametoweka wapi. Barabara kuu za magari na maeneo ya karibu na Nairobi yana orodha tele. Miraba ya mashambani ndiyo yenye kiu.

Huna darubini, lakini una masikio. Hondohondo hahitaji darubini. Kwera wakijenga hawahitaji darubini. Kaa penye maji alfajiri, ndege wenyewe watakuja.

Nawe uko Voi. Milima ya Taita unaiona ukitoka darasani, na huko juu, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki, kuna ndege ambao hawapo popote pengine duniani. Profesa akitoka mbali kuwaona hulipa tikiti ya ndege na hoteli.

Mwalimu wako wa biolojia mpe ukurasa huu. Orodha yako ya kwanza nitumie kwa anwani ya gazeti, iliyoandikwa kwa mkono, pamoja na tarehe, saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Nitakusomea, nitakukosoa pale panapohitaji. Katika kabati langu kuna darubini ya zamani, lenzi moja ina mkwaruzo lakini inaona vizuri. Nitakutumia kwa basi kupitia shule yako.